Damu Ndani ya Fuvu: Mbwa wa Namawala na Picha Isiyopigwa

Mpunga ukianza kutoa masuke, kaya nyingi za Namawala huwa zimeshahamia mashambani. Nyumba ya kijijini huachiwa bibi na wajukuu wanaosoma, na wenye nguvu hukaa kwenye madungu huko bondeni, mchana wakilinda ndege, usiku wakilinda nguruwe. Kazi ya usiku, tukisema kweli, ni ya mbwa. Yeye ndiye anayesikia kwanza majani yakikatika, ndiye anayetangulia gizani, na ndiye anayechanwa na meno ya nguruwe mambo yakiharibika. Malipo yake ni ukoko na vichwa vya kambale.

Tuseme asubuhi moja mbwa huyo anaamka si yule wa jana. Anayumba. Akitembea anazunguka upande mmoja tu, anajigonga kwenye nguzo ya dungu, udelele unamtoka, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya jingine. Saa moja baadaye anaanguka na kutapatapa miguu. Hapo hakuna anayekaa kitako kujiuliza mengi. Neno ni moja, kichaa, na dawa yake ni rungu la kichwa.

Siwalaumu wenye rungu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na Tanzania imezika watu wengi kwa sababu yake kuliko daftari za serikali zinavyosema. Mwaka 2002 Sarah Cleaveland na wenzake walichapisha makadirio yaliyotokana na takwimu za watu walioumwa na mbwa, wakafikia vifo karibu 1,500 kwa mwaka nchini, idadi iliyoiacha mbali sana ile iliyokuwa ikiripotiwa rasmi. Mzazi aliyewahi kuona mtu akiogopa kikombe cha maji hatasubiri kumpima mbwa mara mbili.

Lakini si kila mbwa anayeyumba ana kichaa. Kuna waliolishwa au kuokota sumu. Kuna wenye distempa, virusi vilevile vilivyoua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Kuna wenye ndorobo, kwa maana ya ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ambao humfunga mbwa macho kwa ukungu kabla ya kumwingia kwenye mishipa ya fahamu. Na kuna kundi ambalo halisemwi kabisa vijijini: mbwa wanaovuja damu ndani ya fuvu. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia, kwa sababu kwao kuna mashine inayoweza kuonyesha damu ilipo, imekaa wapi na ina umri gani, na mashine hiyo iko mbali sana na dungu.

Kichwa hakisomeki kwa eksirei

Namawala iko magharibi ya Ifakara, ukifuata njia ya Mlimba, Milima ya Udzungwa ikiwa mkono wako wa kulia na bonde la mafuriko la mto Kilombero kushoto. Wasomaji wa majarida ya tiba wanalijua jina la kijiji hiki kwa sababu ya mbu: mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliokuwa na makao Ifakara walikokotoa kwamba mkazi mmoja wa hapa angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni watu waliozoea kuchomwa kidole na kuona tone la damu likipakwa kwenye kioo. Tutakirudia kioo hicho.

Kwanza picha. Mtu akisikia picha ya ndani ya mwili anafikiria eksirei, na eksirei ipo hata kwenye baadhi ya vituo vya afya. Kwa ubongo unaovuja damu haisaidii. Itaonyesha fuvu lililopasuka, kama limepasuka kweli na ufa haukujificha, lakini ubongo na damu kwenye filamu ya eksirei ni kivuli kimoja kisicho na mpaka. Ultrasaundi nayo inazuiwa na mfupa. Inapenya kwa mtoto wa mbwa ambaye utosi wake haujafunga tu, na hilo huonekana zaidi kwa mbwa wadogo wa kufugwa majumbani. Fuvu la mbwa wetu hawa wa bondeni limefunga barabara, tena limevishwa misuli minene ya kutafunia mifupa.

Zinabaki mashine mbili, CT na MRI, na historia ya CT ina kisa kinachomhusu mnyama kuliko watu wengi wanavyojua.

Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza (ndiyo, ile ile ya sahani za santuri), alikuwa na wazo la kupitisha mionzi kichwani kutoka pande nyingi, kupima kiasi kinachopotea njiani, kisha kuiachia kompyuta ipige hesabu ya kilichomo ndani, kipande baada ya kipande. Kabla ya kumlaza binadamu alihitaji ubongo wa majaribio. Akachukua ubongo wa ng'ombe machinjioni. Picha zikaja zimevurugika. Sababu ilipotafutwa ikaonekana ni namna ya kuchinja: ng'ombe wa machinjio ya kawaida hupigwa kichwani kwanza ili azimie, na pigo hilo huvujisha damu ndani ya ubongo na kujaza yale matundu ya maji ambayo mpiga picha anayatafuta. Hounsfield akahamia kwenye ubongo wa ng'ombe waliochinjwa kwa kisu kufuata taratibu za Kiyahudi, bila kupigwa kichwa. Picha zikatakata. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mwanamke mwenye uvimbe ubongoni akawa mgonjwa wa kwanza kupigwa picha hiyo, na mwaka 1979 Hounsfield akagawana Tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini.

Kwa hiyo damu ndani ya ubongo wa mnyama aliyepigwa kichwani ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa ambavyo mashine ya CT ilikutana navyo. Ilikutana nayo kama kero. Tushike hapo.

Damu ina umri

Hounsfield aliacha pia kipimo kinachobeba jina lake. Maji yamepewa sifuri. Hewa iko hasi 1,000. Mfupa mgumu unaweza kuvuka 1,000. Ubongo wenyewe unacheza kati ya 30 na 40, na damu iliyotoka kuganda inapanda hadi 60 au 80. Pengo ni dogo, lakini kompyuta inaliona, na kwenye skrini damu mbichi inang'aa nyeupe katikati ya ubongo wa kijivu. Daktari haangalii weupe peke yake, anaangalia na umbo lake. Damu iliyokaa kati ya fuvu na utando mgumu wa ubongo huvimba kama dengu na mara nyingi inafuatana na mfupa uliovunjika. Iliyotandaa chini ya utando huo hufuata mviringo wa ubongo. Iliyo ndani ya nyama ya ubongo yenyewe hukaa kama doa, na huzungukwa na pete nyeusi ya maji ya uvimbe. Daktari huangalia pia mstari wa katikati: ukisukumwa kwenda upande mmoja, shinikizo limeshakuwa kubwa na muda unakwenda.

Kwa mbwa kuna taabu zake. Sehemu ya nyuma ya ubongo, yenye kuongoza mwendo na pumzi, imezungukwa na mifupa minene ya sikio inayotia michirizi kwenye picha ya CT, na kuvuja kudogo huko kunaweza kupita bila kuonekana. Taabu ya pili inawahusu mbwa wetu hasa. Weupe wa damu kwenye CT unatokana na wingi wa protini ya chembe nyekundu. Mnyama aliyepungukiwa sana damu anaweza kuvuja ubongoni na picha isionyeshe weupe wowote, kwa kuwa damu yenyewe ni nyepesi mno, inalingana rangi na ubongo. Sasa mfikirie mbwa wa bondeni mwenye kupe masikioni, minyoo tumboni na vimelea vya mbung'o. Vitabu vya picha viliandikwa kwa kuwatazama mbwa walioshiba.

MRI haitumii mionzi, inatumia sumaku, na hapo chuma kilichomo ndani ya damu kinajitangaza chenyewe. Msasi mzoefu wa Kilombero akimfuata sheshe aliyejeruhiwa anatazama damu kwenye nyasi na kusema huyu amepita sasa hivi, au huyu amepita alfajiri. MRI inasoma kwa namna hiyo. Saa za mwanzo damu bado ina oksijeni na haijitofautishi sana. Siku ya kwanza hadi ya tatu hivi oksijeni imekwisha, na baadhi ya picha zinaanza kuonyesha giza. Siku chache baadaye chuma chake kimebadilika kikemia na damu inang'aa kwenye picha ambazo juzi haikung'aa. Miezi ikipita kinabaki kitu cha mfano wa kutu, kimeachwa na seli zilizokuja kusafisha, na kwenye aina ya picha iitwayo T2* kutu hiyo ni doa jeusi tititi ambalo halifutiki hata baada ya miaka. Mbwa mzee mwenye madoa kadhaa ya namna hiyo amevuja mara kadhaa bila mtu kujua. Daktari akiyaona huanza kupima figo na shinikizo la damu, kwa sababu mbwa nao wanapata presha, na presha yao mara nyingi inatoka kwenye figo au tezi iliyoharibika.

Picha hizo zinataka mgonjwa atulie, na gharama ya utulivu huo ni usingizi. Mbwa haambiwi usitikisike. Kwa CT ya sasa sekunde chache zinatosha na sindano ya kumlegeza inaweza kufaa, lakini MRI inataka nusu saa mpaka saa nzima ya nusu kaputi, mpira ukiwa kooni na mtu akihesabu pumzi, kwa mgonjwa ambaye ubongo wake tayari umebanwa.

Ugonjwa uliopewa jina la Nairobi

Picha inajibu swali la wapi. Swali la kwa nini mara nyingi linajibiwa na kitu cha bei ndogo zaidi, na katika hilo Afrika Mashariki ina mchango wake.

Mwaka 1935 Wafaransa wawili, Donatien na Lestoquard, walieleza vimelea walivyovikuta kwenye chembe nyeupe za damu za mbwa nchini Algeria. Vimelea hivyo, Ehrlichia canis, hubebwa na kupe wa kahawia wa mbwa, yule anayeishi kwenye nyufa za kuta na kwenye banda. Mbwa akiambukizwa, chembe za kugandisha damu hupungua. Anatoka damu puani, fizi zinapauka, vidoa vyekundu vinajitokeza tumboni, na wengine wanavuja kwenye utando wa ubongo au ubongo wenyewe: wanayumba, wanaanguka kifafa, wanapofuka. Jeshi la Marekani lilipoteza mamia ya mbwa kwa ugonjwa huu katika vita vya Vietnam, ndipo dunia ya wenye fedha ilipoamka. Lakini madaktari wa mifugo wa Kenya walikuwa wanaujua kitambo, na miongoni mwa majina yake ya zamani kwenye vitabu lipo linalouita ugonjwa wa Nairobi wa kutoka damu.

Mbwa wa aina hiyo akipigwa CT, picha itaonyesha damu, na hapo mtu anaweza kudhani amemaliza kazi. Jibu lenyewe liko kwenye kile kioo kilichozoeleka Namawala: tone la damu, rangi, hadubini, na jicho lililofundishwa kuona kivimbe cha zambarau ndani ya chembe nyeupe. Kioo hicho hicho kinaweza kuonyesha vimelea vya mbung'o vikijikunja kati ya chembe nyekundu. Na dawa ya vimelea vya kupe ni doksisaiklini, kidonge kinachopatikana duka la dawa la kawaida.

Chanzo kingine kinatokana na mpunga wenyewe. Panya ni adui wa kudumu wa wakulima wa bonde hili, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kina kituo kizima kinachoshughulikia wadudu na panya waharibifu. Sumu nyingi za panya za kisasa zinafanya kazi kwa kuzuia damu isigande. Panya haanguki papo hapo, anazunguka siku kadhaa akidhoofika, na panya anayejikokota ni kitoweo rahisi kwa mbwa. Mbwa naye haumwi siku hiyo. Siku ya tatu au ya tano ndipo damu inapoanza kupita pasipo njia: kifuani, kwenye viungo, chini ya ngozi, na wakati mwingine ubongoni. Tiba yake ni vitamini K1, wiki tatu hadi nne bila kukatisha. Mwenye mbwa akikumbuka kwamba wiki iliyopita aliweka sumu ghalani, amempa daktari habari ambayo mashine yoyote isingeitoa.

Kila nchi na mkosi wake. Uingereza na Denmark daktari akikuta damu kwenye ubongo wa mbwa kijana huuliza kama amekuwa akila konokono, kwa sababu konokono wa huko hubeba mnyoo wa mapafu unaovuruga ugandaji wa damu. Kwetu swali la kwanza lingekuwa kupe, la pili sumu ya panya, na kabla ya yote mawili, kama kuna mtu aliyeona pikipiki. Bodaboda zimeongezeka njia nzima ya kutoka Ifakara, na mbwa wa shamba hawajajifunza kuzikwepa.

Kilomita mia mbili na tochi moja

Kutoka Ifakara hadi Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Kidatu na Mikumi. Huko SUA kuna hospitali ya wanyama na wanafunzi wa udaktari wa mifugo, na kama kuna mahali nchini panapostahili mashine ya CT kwa ajili ya wanyama, basi ni hapo, ili kijana asihitimu akiwa amemwona mbwa anayevuja ubongoni kwenye kitabu tu. Kwa upande wa binadamu, katika miaka ya karibuni serikali imepeleka mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Ulaya na Marekani, kabla hospitali za wanyama hazijanunua zao, madaktari wengine walikuwa wanapitisha mbwa kwenye mashine za watu usiku, wodi zikiwa zimetulia. Jaribu kupendekeza hilo hapa. Watakaokataa kwa sababu ya dini watakuwa wengi, watakaokataa kwa sababu ya foleni watakuwa wengi zaidi, na kwa mbwa asiye na historia ya chanjo wote watakuwa wamesema kweli, kwa sababu nitakazozieleza.

Mbwa wa kunusa meno ya tembo, kama wale waliofunzwa Usa River, Arusha, chini ya mradi wa African Wildlife Foundation ulioanza mwaka 2014, ana taasisi nyuma yake. Mbwa wa dungu ana kijana wa miaka kumi na mbili aliyempa jina la Simba.

Hata hivyo asidhani mtu kwamba bila mashine hakuna kinachojulikana. Madaktari wa mifugo wana kipimo cha fahamu kilichonakiliwa kutoka kile cha Glasgow cha binadamu. Unatazama mambo matatu: anavyosogea, macho yanavyoitika, na anavyojitambua. Kila moja linapewa alama 1 mpaka 6, jumla kuanzia 3 hadi 18. Vifaa ni tochi na subira. Mulika jicho moja: mboni ikisinyaa upesi, vizuri. Mboni moja ikibaki wazi, upande mmoja wa ubongo unabanwa. Zikibaki wazi zote na hazishtuki, hali ni mbaya. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001, wa mbwa 38 walioumia kichwa, ulionyesha kuwa mwenye alama 8 alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuvuka saa 48 za mwanzo. Alama hizo zikirudiwa kila baada ya saa chache na kuandikwa, afisa mifugo anajua mgonjwa anapanda au anashuka, jambo ambalo picha moja ya CT haiwezi kumwambia.

Zaidi ya hapo kuna matunzo. Alazwe juu ya ubao ulioinuliwa upande wa kichwa, nyuzi 30 hivi, asikunjwe shingo wala kufungwa kamba shingoni, maana mshipa wa shingo ukibanwa damu inashindwa kushuka na shinikizo la ubongo linapanda. Apewe dripu ikiwa ameishiwa nguvu. Palipo na daktari, manitoli hupunguza maji ya uvimbe. Mbwa wengi walioumia kichwa wanaopona hawapasuliwi. Wanapona kwa kulindwa siku mbili tatu.

Na kuna sindano za kuacha. Deksamethasoni imekuwa dawa ya kila kitu vijijini, ng'ombe akilala, mbuzi akivimba, mbwa akiyumba. Kwa kichwa kilichoumia, dawa za jamii yake zimeshapimwa. Utafiti wa CRASH wa mwaka 2004 uliwahusisha watu zaidi ya 10,000 waliojeruhiwa kichwa, ukalinganisha waliopewa dawa ya jamii hiyo na wasiopewa. Ilibidi usimamishwe, kwa kuwa waliopewa walikufa zaidi. Madaktari wa mifugo wameuchukua ushahidi huo na wengi wameiacha dawa hiyo kwa mbwa wa namna hii. Diklofenaki ni mbaya zaidi: inamchoma mbwa tumbo na kuzidisha kuvuja.

Rungu linavyofuta ushahidi

Sasa turudi kwenye hofu ya kichaa, maana ndiyo inayoamua mambo.

Picha haiwezi kuimaliza hofu hiyo. Virusi vya kichaa vinapanda kwenye ubongo kwa kufuata neva, na vinaua bila kuacha donge la damu la kuonyeshana. Wanasayansi wa Thailand wamewahi kuwapiga MRI mbwa wenye kichaa, wa aina ya ukali na wa aina ya kupooza, na wakaona mabadiliko. Lakini hakuna daktari anayeweza kuitazama picha peke yake na kuapa. Na mbwa mwenye kichaa anaweza naye kugongwa na pikipiki, tena kwa urahisi kuliko mwenzake. Kukuta damu hakumwondolei tuhuma. Ndiyo maana nikasema watakaokataa kumpitisha mbwa asiyechanjwa kwenye mashine ya watu watakuwa na haki.

Kinachomtenganisha mwenye kichaa na aliyevuja damu ni siku. Mbwa aliyeanza dalili za kichaa hufa ndani ya siku kumi hivi. Aliyevuja damu ama anakufa mapema ama anaanza kunyanyuka: siku ya pili anakunywa maji, siku ya nne anamjua mwenyewe. Banda imara, mlango uliofungwa, chakula kinachosukumwa kwa ubao bila kuingiza mkono, basi. Binadamu aliyeng'atwa hasubiri siku hizo kumi. Anaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna nyakati banda halipo, watoto wamejaa uani, na mbwa lazima afe. Hapo ndipo kisa cha Hounsfield kinapopata maana Namawala. Rungu likishatua kichwani, ubongo unavuja damu kwa pigo hilo hilo. Aliyetaka kujua kama mbwa alikuwa anavuja tangu asubuhi hawezi tena kutofautisha. Na lililo zito zaidi, ubongo uliopondwa ni sampuli mbovu, na ubongo ndio unaopimwa kuthibitisha kichaa. Kwa pigo moja tumepoteza majibu mawili. Maelekezo ya kitaalamu ni kwamba mnyama anayetuhumiwa asipigwe wala kupigwa risasi kichwani, lakini maelekezo hayo hayajafika kwa mgambo anayeitwa saa nane mchana na mtendaji wa kijiji.

Sampuli yenyewe haihitaji kupasua fuvu. Kichwa kinakatwa shingoni, aliyechanjwa na kuvaa glavu mbili na miwani anapitisha mrija wa plastiki kwenye tundu la nyuma ya fuvu, pale uti wa mgongo unapoingilia, na kutoa kipande cha shina la ubongo. Kinawekwa kwenye gliserini ikiwa barafu hakuna. Mwaka 2006 Tiziana Lembo na wenzake walichapisha matokeo ya kipimo cha haraka kinachosomwa kwa hadubini ya kawaida badala ya ile ghali ya mwanga maalumu. Sampuli zao za uwandani zilitoka hapa hapa Tanzania, nyingine zimekaa kwenye gliserini miezi mingi, na kipimo kikalingana na kile kinachotambuliwa duniani kote. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una maabara yake kuu Temeke, Dar es Salaam.

Na bonde hili limewahi kuonyesha kwamba habari zinaweza kusafiri. Kuanzia mwaka 2010, Kilombero na Ulanga zilikuwa miongoni mwa wilaya 28 za kusini mashariki na Pemba zilizoingia kwenye mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza kichaa, kwa fedha za taasisi ya Bill na Melinda Gates. Mbwa walichanjwa kwa wingi, lengo likiwa saba katika kila kumi. Zacharia Mtema na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara walijenga mfumo wa kuripoti kwa simu za kawaida za batani, kisha wakauandika kwenye jarida mwaka 2016: muuguzi anaingiza taarifa ya aliyeng'atwa, afisa mifugo anaingiza ya mbwa, na zote mbili zinakutana mahali pamoja.

Kwa maoni yangu mfumo kama huo unahitaji safu moja zaidi kwa mbwa mwenye dalili za ubongo: alionekana lini akiwa mzima, alikuwa na kupe, nani aliweka sumu ya panya, kuna aliyeona ajali, alama zake za tochi ni ngapi, na kama alikufa, alikufaje. Kichwa kikifika maabara bila kuguswa na rungu, jibu linaweza kurudi kijijini kwa simu ndani ya siku chache. Likiwa hakuna kichaa, daktari ana ruhusa ya kusitisha sindano zilizobaki za mtoto aliyeng'atwa, na familia inabaki na nauli ya Ifakara. Likiwa kipo, mwenyekiti wa kitongoji anaanza siku hiyo hiyo kuorodhesha kila mbwa aliyelala karibu na dungu hilo wiki mbili zilizopita.